Filamu ya Punje Ndogo na Picha Kubwa za Delta ya Rufiji

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, na jinsi ya kuichagua mtu atakapo kupiga picha ya nchi, kisha kuikuza hata iwe kubwa ya kutundikwa ukutani. Huenda mtu akasema, haya ni mambo ya watu wa studio, yatufaa nini sisi wakulima wa mpunga na wavuvi wa kamba? Twaomba mtuvumilie kidogo, maana sababu iliyotuingiza sisi katika elimu hii haikutoka studio; ilitoka ukingoni mwa mto.

Miaka kadhaa iliyopita wazee wa kijiji kimoja cha delta walituita. Ukingo ulikuwa ukiliwa na maji kila masika, na shule ya kijiji ilikuwa karibu nao kuliko ilivyokuwa zamani. Karibu na shule palikuwa na mwembe mkubwa, na karibu na mwembe huo wazee walikuwa wamechimbia nguzo sita za mkandaa, ili wahesabu ni ngapi zitakazochukuliwa na mto. Walitaka picha moja kubwa, yenye kuonyesha shule, mwembe na nguzo zote, waipeleke Kibiti kwenye baraza ambako shauri la kuhamisha shule lingesemwa. Sisi tulikuwa na kamera ndogo, na ndani yake filamu nyepesi ya namba 400. Tulisimama ndani ya mtumbwi, tukapiga, tukarudi chuoni tukaikuza picha hata ikawa na upana wa sentimita 60. Tulipoifungua mbele ya wazee, mzee mmoja aliisogelea, akavaa miwani yake, akaivua, kisha akauliza kwa adabu, “Waalimu, mvua hii ilinyesha siku gani?”

Haikuwa mvua. Zilikuwa punje za filamu. Mbingu yote ilijaa nukta kama mchanga uliomwagwa juu ya mkeka, na zile nguzo sita, ambazo ndizo zilizokuwa shabaha ya kazi yote, zilikuwa zimemezwa humo; mtu aliweza kuhesabu tatu, labda nne. Picha haikupelekwa Kibiti. Tuliahidi kurudi baada ya mvua, na tuliporudi mwembe ulikuwa umekwisha kwenda na maji, pamoja na nguzo mbili.

Basi tangu siku ile tulijifunza, na haya tuliyojifunza ndiyo tutakayowaambia.

Filamu ni utepe mwembamba uliopakwa tabaka la jelatini, na ndani ya jelatini zimetawanywa fuwele ndogo sana za chumvi za fedha. Mwanga uingiapo katika kamera huzigusa fuwele hizi. Jicho halioni badiliko lo lote mpaka filamu itiwe katika dawa ya kusafishia. Ndipo fuwele zilizoguswa na mwanga hugeuka kuwa fedha halisi, nyeusi, na zisizoguswa huondolewa na dawa ya pili. Kwa hiyo picha yo yote ya namna hii, hata iwe nzuri namna gani, imejengwa kwa vijiwe vya fedha, kama ukuta wa nyumba yetu ulivyojengwa kwa udongo na kokoto. Ukiutazama ukuta kutoka barabarani waona ukuta; ukiweka pua yako juu yake waona kokoto. Kuikuza picha ni kuusogeza ukuta karibu na pua.

Sasa, fuwele kubwa hunasa mwanga upesi kuliko fuwele ndogo, kama vile beseni pana linavyokinga maji mengi ya mvua kuliko kikombe. Ndiyo sababu filamu yenye namba kubwa, mathalan 400, yaweza kupiga picha hata jua likiwa limefichwa na mawingu, lakini punje zake ni kubwa. Filamu ya namba ndogo, 50 au 100, ni nzito; hutaka mwanga mwingi au muda mrefu, lakini punje zake ni ndogo. Namba hiyo imeandikwa juu ya kisanduku, wala mnunuzi hana haja ya kubahatisha. Ilford Pan F Plus ni ya 50. FP4 Plus ya kiwanda hicho hicho ni ya 125, na HP5 Plus ni ya 400. Kati ya 50 na 400 tofauti ni mara nane: mahali ambapo filamu ya 400 hutosheka na mwanga wa nukta moja, ile ya 50 hutaka nukta nane.

Katika miaka ya 1980 Kodak walianza kuuza filamu za T-Max, ambazo fuwele zake zimefanywa ziwe bapa kama vigae badala ya kuwa kama kokoto. Kigae kikilala hukinga mwanga mwingi ijapokuwa ni chembamba, kwa hiyo filamu ya namba 100 ya namna hii hushindana kwa ulaini na filamu za zamani zilizo nzito kuliko yenyewe. Ilford nao wana Delta 100 ya jamii hiyo. (Jina hilo halikutokana na delta yetu, ingawa wanafunzi wetu hawakubali.)

Twapenda hasa mfahamu jambo hili: punje hazionekani sawasawa kila mahali katika picha. Penye majani mengi, nyavu, makuti, au mizizi ya mikoko iliyosukana, jicho hushughulika na vitu vyenyewe wala halizioni. Bali penye rangi moja ya kijivu, pasipo kitu, yaani mbinguni na juu ya maji yaliyotulia, hapo ndipo punje hujitokeza kama chunusi usoni. Na nchi yetu ya delta ni nini? Mtu akisimama Nyamisati asubuhi akatazama kuelekea baharini, sehemu mbili katika tatu za aonayo ni mbingu na maji, na katikati pana mstari mwembamba wa mikoko. Mpiga picha wa milima ya Usambara aweza kusamehewa na filamu yake. Sisi filamu yetu haitusamehi.

Hata hivyo namba ya filamu si shauri la kwanza. La kwanza ni ukubwa wa filamu yenyewe, na hapa ndipo wengi hukosea, nasi tulikosea vile vile. Baada ya aibu ya kwanza tulinunua filamu ya namba 50 kwa kamera yetu ile ile ndogo, tukidhani tumemaliza. Kipande kimoja cha filamu ile ndogo kina urefu wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ukitaka picha ya karatasi yenye sentimita 40 kwa 60, wakikuza karibu mara 17 kila upande. Kila punje, kila kovu, kila mtikisiko wa mkono hukuzwa mara 17 pamoja nayo. Lakini filamu pana ya namba 120, ile iliyozungushwa juu ya karatasi, hutoa kipande cha mraba chenye milimita 56 kila upande. Kwa picha ya sentimita 40 wakikuza mara saba tu na kidogo. Na zile filamu za vipande, zenye inchi 4 kwa 5, hutaka kukuzwa mara nne tu kufikia inchi 16 kwa 20. Watu wa studio za Unguja katika karne ya 19, kama A. C. Gomes, walitumia vioo vikubwa vilivyopakwa dawa, na mara nyingi picha ya karatasi ilikuwa sawa na kioo chenyewe, bila kukuzwa hata kidogo. Ndiyo sababu katika picha zao za zamani waweza kuhesabu mbao za jahazi.

Kwa maoni yetu, basi, mtu mwenye fedha kidogo aliye na shauku ya picha kubwa asihangaike kutafuta filamu iliyo laini kupita zote duniani. Atafute kwanza kamera kuukuu ya filamu ya 120, yenye lenzi isiyo na ukungu, atie filamu ya kawaida ya 100 au 125. Filamu ya 400 katika kamera pana, ikikuzwa mara saba, aghalabu hupendeza kuliko filamu ya 100 katika kamera ndogo iliyokuzwa mara 17. Tumezilinganisha juu ya meza moja, wala hatukuona haya kugeuza maneno tuliyokuwa tukiwafundisha wanafunzi wetu mwaka uliotangulia.

Sasa tuje kwenye matope. Filamu nzito hutaka muda mrefu, na muda mrefu hutaka kamera isiyotikisika. Kanuni ya wapiga picha ni hii: katika jua kali, ukifunga tundu la lenzi hata f/16, muda wako ni sehemu moja ya namba ya filamu. Filamu ya 50 basi hutaka sehemu ya 50 ya nukta. Ukiweka mbele ya lenzi kioo cha manjano, ili mbingu iwe nyeusi kidogo na mawingu yaonekane, muda huongezeka mara mbili. Ukiweka cha rangi ya chungwa, mara nne. Na hayo ni saa sita mchana. Alfajiri, wakati ambapo delta ni nzuri kupita wakati wote, muda waweza kufika nukta nzima au zaidi. Hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kutulia hivyo. Sharti kamera isimame juu ya miguu mitatu.

Lakini miguu mitatu juu ya matope ya mikoko huzama, tena huzama polepole, wakati mlango wa kamera uko wazi. Sisi huweka kila mguu ndani ya kifuu cha nazi kilichofudikizwa juu ya kipande cha ubao, kisha twaukandamiza kwa uzito wetu na kungoja kidogo kabla ya kupiga. Yapasa pia kujua maji. Wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mahali uliposimama kwa raha asubuhi huenda pakawa na kina cha kumzamisha mtu kabla ya adhuhuri. Ukitaka mizizi ya mchu, ile iliyosimama juu ya tope kama misumari maelfu, nenda maji yakiwa yamekupwa kabisa. Ukitaka kivuli cha mikoko juu ya maji, ngoja maji mafu, na asubuhi kabla ya upepo. Kusi likishaanza kuvuma, majani hucheza, na filamu nzito huyaandika kama moshi.

Ndani ya mtumbwi shauri ni jingine kabisa. Hapo miguu mitatu haina kazi, maana mtumbwi wenyewe wacheza. Ikiwa huna budi kupiga kutoka majini, tia filamu ya 400 bila kuona haya, katika kamera pana ukiwa nayo. Picha yenye punje lakini imetulia ni bora kuliko picha laini iliyotikisika. Punje mtu huzisamehe akisogea nyuma hatua mbili, lakini mtikisiko huonekana hata kutoka mlangoni.

Kuna hila nyingine katika filamu nzito ambayo wauzaji hawaisemi sana. Filamu za namna ya Pan F ni kali kwa tabia: nyeupe yake huwa nyeupe mno na nyeusi yake nyeusi mno. Jua la mchana la delta nalo ni kali, maji yang'aa kama bati jipya, na chini ya mikoko mna giza la pango. Ukiunganisha ukali na ukali, wapata karatasi nyeupe yenye doa jeusi. Dawa yake ni kuipa filamu mwanga zaidi kidogo, mathalan kuihesabu ile ya 50 kana kwamba ni ya 25, kisha kuisafisha kwa muda uliopunguzwa kwa sehemu moja katika sita hivi. Hivyo kivuli hupata kitu ndani yake. Na jihadharini na kioo chekundu. Vijana hukipenda kwa sababu huifanya mbingu iwe ya kutisha, lakini hukausha majani yote ya mikoko yakawa kama makaa. Sisi twapendelea cha manjano, au kile cha manjano yenye kijani kidogo, ambacho huyapa majani nuru yao.

Huku juu Kibiti, penye mikorosho na minazi, kazi ni nyepesi. Mtu hukaa juu ya nchi kavu na kungoja mawingu ya vuli. Hatutakaa sana hapo.

Adui mkubwa wa filamu katika nchi yetu ni joto na unyevu. Filamu iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa juani yaweza kupata ukungu wa kijivu usiotoka. Iwekeni katika chombo kilichofunikwa vizuri, chini ya kitanda au ndani ya mtungi mkavu uliofukiwa nusu. Ili kuondoa unyevu, tumieni kitu ambacho Rufiji haijawahi kukikosa, yaani mchele: ukaangeni mkavu mpaka ubadilike rangi kidogo, uacheni upoe ndani ya mkebe uliofungwa, kisha tieni kiasi katika kifuko cha kitambaa pamoja na filamu. Hunyonya unyevu vizuri, na ukichoka hukaangwa tena. Filamu iliyokwisha kupigwa isikae. Pan F Plus hasa hutaka kusafishwa mapema. Wenye kiwanda wasema isipitishe miezi mitatu, nasi katika joto hili twaona hata mwezi mmoja ni mwingi.

Juu ya kusafisha, karibu vitabu vyote vya Ulaya vyasema dawa iwe na joto la digrii 20. Katika delta maji ya mtungi wetu aghalabu hayafiki chini ya 26. Joto likizidi, jelatini hulainika, na filamu ikitolewa katika dawa ya moto na kutiwa katika maji baridi ghafula, jelatini hujikunja na kupasuka mistari midogo kama tope lililokauka. Ukiikuza picha wadhani ni punje, kumbe ni nyufa. Jambo kubwa ni kwamba dawa zote na maji ya kuoshea yawe na joto moja. Sisi hununua barafu kwa wanunuzi wa kamba, twaitia katika mfuko wa plastiki uliofungwa na kuuelea katika karai, na chupa zote za dawa zikae ndani ya karai hilo hilo mpaka kipimo kionyeshe 24. Katika joto hilo muda hupunguzwa: FP4 Plus katika dawa ya ID-11, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, hutaka dakika 11 kwa digrii 20, lakini kwa digrii 24 hukaribia dakika 8. Maji ya mto yana tope na chumvi. Kingeni ya mvua, myachuje kwa kitambaa cha bafta.

Dawa nayo ina neno lake katika punje. ID-11, na ndugu yake D-76 ya tangu miaka ya 1920, ni za wastani na hazimdanganyi mtu. Perceptol huzilainisha punje lakini hula wepesi wa filamu, hivyo yakupasa kuongeza mwanga. Rodinal, ambayo ni ya tangu mwaka 1891, hufanya kila kitu kiwe na ncha kali, na punje pia huzitia ncha. Kwa mbingu ya delta hatuishauri, ila kwa filamu pana tu.

Mtauliza, kwa nini taabu yote hii, ikiwa simu ya mkononi yapiga picha mara moja? Simu yafaa kwa mambo mengi, nasi twaitumia. Lakini wazee hawakutaka picha ya kutazamwa leo na kusahauliwa. Delta hii yabadilika. Katika miaka ya 1970 maji mengi ya Rufiji yaliacha njia ya kusini, upande wa Mohoro, yakaelekea matawi ya kaskazini, na mashamba yakafuata maji. Manowari ya Wajerumani Königsberg, iliyojificha katika mikoko hii mwaka 1914 na kuzamishwa tarehe 11 Julai 1915, ilionekana juu ya matope kwa miaka mingi, na leo tope limeifunika. Picha zake zimebaki. Tangu Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere limezuia mto kule juu, na mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti. Ni tope kiasi gani litakalofika sasa kuilisha mikoko? Wataalamu wana vipimo vyao. Sisi tuna negativu, ambazo zikioshwa vizuri na kuwekwa pakavu zitatazamwa na wajukuu bila mashine yo yote, kwa kuziinua tu mbele ya dirisha.

Safari ya tatu tulikwenda na kamera ya filamu ya 120, filamu ya namba 100, kioo cha manjano, na vifuu vyetu vitatu. Tulisimama ng'ambo ya mkondo, juu ya nchi imara, si ndani ya mtumbwi. Tulipiga vipande vitatu tu, muda wa nusu nukta kila kimoja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Picha ilikuzwa sentimita 60 kila upande. Yule mzee wa miwani aliisogelea tena, akaweka kidole chake chini ya nguzo ya kwanza, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akakipeleka kidole mahali penye maji matupu, kushoto kwa nguzo ya nne, akasema, “Mwembe ulikuwa hapa.” Akatuomba kalamu, nasi tukampa, akatia alama.

Picha hiyo ilipelekwa Kibiti pamoja na alama yake. Mahali tulipoweka miguu ya kamera tumechimbia kigingi cha mkomafi, na nyuma ya karatasi tumeandika siku, saa, hali ya maji, na kimo cha lenzi kutoka ardhini. Kila mwaka baada ya masika, bamvua la kwanza likipita, twarudi penye kigingi hicho na filamu ya namba ile ile.